Kula nje Kampala bila nyama, maziwa wala mayai: jiko lipi likufae?

Anayekula vegani, yaani asiyetia mdomoni kitu chochote kilichotoka kwa mnyama, iwe nyama, samaki, mayai, maziwa, samli au asali, hana sababu ya kushinda njaa Kampala. Mji umejaa ndizi, maharage, karanga, mboga za majani na parachichi. Nyama haimsumbui sana, maana inaonekana sahanini na anaweza kuikataa. Vinavyomsumbua ni vile visivyoonekana: mafuta yaliyokaangia kitunguu, unga wa mukene (wale dagaa wadogo wa ziwani) uliokorogwa ndani ya karanga, na supu ya ng'ombe inayomwagiwa juu ya wali ili "usiwe mkavu".

Ndiyo maana tunalinganisha majiko badala ya majina ya mikahawa. Mkahawa hufungwa, mpishi huhama, lakini desturi ya jiko hukaa. Na swali la kwanza kwa jiko lolote liwe hili: mnapikia mafuta gani? La nyama lifuate baadaye.

Kwa mwenye haraka: mchana wa siku ya kazi nenda kibanda cha chakula cha kienyeji. Ukitaka uhakika kuliko yote, nenda kwa Waethiopia uagize sahani ya mfungo. Ukiwa na kundi la watu wenye midomo tofauti, kwa Wahindi patawatosha wote, ila wewe utakuwa na maswali mengi. Usiku wa manane, chapati na maharage. Na kama hujawahi kula chakula cha Waacholi na Walango, watu wa kaskazini mwa Uganda, unapitwa na jiko zuri kuliko yote manne.

Kibanda cha mchana

Kuanzia masoko ya Nakasero na Wandegeya hadi vichochoro vya nyuma ya maofisi, utaratibu ni ule ule. Chakula ni mchanganyiko wa matoke, posho, wali, muhogo, viazi vitamu, magimbi na boga. Mchuzi unachagua, na bei hufuata mchuzi. Maharage, karanga na kunde ndiyo ya bei ya chini. Kuchanganya aina nne au tano za chakula kwa kawaida hakuongezi shilingi.

Umaskini wa kibanda hapa unamfaa vegani. Samli ni ghali, kwa hiyo mama wa kibanda hupikia butto, mafuta ya mimea ya kawaida. Matoke hayaoni mafuta kabisa: humenywa, hufungwa kwenye majani ya mgomba, huiva kwa mvuke, kisha hubonyezwa yakiwa bado ndani ya majani. Posho ni unga wa mahindi na maji. Wali mweupe huwa na butto kidogo na chumvi. Ukiwa wa kahawia ni pilau, na pilau hiyo imeivia kwenye supu ya nyama. Kuondoa vipande vya nyama hakuiondoi supu iliyokwisha kuingia ndani ya punje.

Pa kuwa makini zaidi ni kwenye karanga. Mchuzi mtupu wa karanga una rangi ya waridi iliyofifia, ni laini, na mafuta yake huelea juu kwa vijiduara vidogo. Uliotiwa mukene wa kusagwa hugeuka kijivu, una chengachenga zinazometameta, na harufu yake haifichiki mchuzi ukiwa wa moto. Uliopikiwa samaki wa moshi huacha nyuzi na miiba midogo pembeni mwa sufuria. Tazama na unuse kabla hujalipa. Karanga na mukene huuzwa pia zikiwa zimesagwa pamoja, hasa kwa uji na mchuzi wa watoto, kwa hiyo ni haki kumwuliza mpishi kama alinunua unga tayari au alisagisha karanga zake mwenyewe.

Kisha upawa. Mhudumu mwenye foleni ya watu thelathini hujaza sahani kwa sekunde kumi, na upawa mmoja hutembea kutoka sufuria ya nyama hadi ya maharage. Ukisubiri sahani ifike mezani ndipo useme, umechelewa: supu imekwisha kumwagwa. Sema kabla hajashika sahani, umwonyeshe kwa kidole sufuria unayoitaka, na uombe upawa mwingine. Foleni ikiwa ndefu mno, ni afadhali kufika mapema kuliko kubishana.

Mapema ni saa sita na nusu. Mboga za majani, dodo na nakati, ndizo huisha kwanza. Kufika saa nane mara nyingi zimebaki posho, wali na maharage. Omba michuzi miwili nusu kwa nusu, maharage na karanga, mboga pembeni, na nusu ya parachichi. Kuna sababu ya kusisitiza maharage: gramu 100 za matoke zina protini ya takriban gramu 1 tu, ilhali gramu 100 za maharage yaliyopikwa zina kama 9. Mlima wa matoke wenye kijiko kimoja cha mchuzi hushibisha hadi saa kumi tu, kisha njaa inarudi kwa kishindo.

Wasomaji wa pwani wakumbuke kwamba maharage ya Kampala hayana nazi. Uzito wa mchuzi huku hutoka kwenye karanga au ufuta. Mchuzi ukiwa mweupe na mzito, usidhani ni tui, uliza maziwa.

Luwombo inastahili neno lake. Ni mchuzi uliofungwa ndani ya jani la mgomba lililopitishwa motoni kwanza ili lisipasuke, ukapikwa kwa mvuke, kila mtu na kifurushi chake. Kwa vegani mfumo huo ni neema, kwa kuwa upawa wa nyama haufiki ndani. Ila ndani ya luwombo ya karanga mara nyingi hutiwa samaki wa moshi au nyama iliyokaushwa. Inayokufaa ni ile ya karanga na uyoga, au karanga tupu. Uliza kabla uzi haujafunguliwa. Kifurushi kikifunguliwa ni chako na utalipa.

Asubuhi kuna katogo, matoke au muhogo uliopikwa sufuria moja na kitu kingine. Cha maharage au cha karanga ni salama; kinachopendwa na wengi ni cha utumbo, na sufuria hizo mbili hukaa bega kwa bega. Baada ya saa nne hivi usitarajie kukipata.

Chapati ya barabarani

Mkaanga chapati ana sigiri ya makaa, kikaango kipana cha chuma, madonge yaliyopakwa mafuta na treya ya mayai. Donge la mtaani ni unga wa ngano, maji, chumvi na butto, pengine na karoti iliyokwaruzwa. Maziwa ndani ya chapati utayakuta zaidi hotelini. Kwa hiyo chapati yenyewe kwa kawaida inafaa, na kikomando, yaani chapati zilizokatwa vipande zikamwagiwa maharage, ndicho chakula cha vegani cha bei nafuu kuliko vyote mjini.

Ukitaka rolex, ile chapati ya kukunjwa, bila mayai, tatizo liko kwenye kikombe. Mkaangaji hukatia kitunguu, nyanya na kabichi ndani ya kikombe cha plastiki, hupasulia mayai humo, hukoroga, humwaga kikaangoni. Kikombe hicho hufanya kazi tangu asubuhi bila kuoshwa. Ukisema "bila mayai", atakata mboga kwa uaminifu kabisa ndani ya kikombe kile kile chenye ute wa yai la mteja aliyepita. Mwombe afute kikaango kwanza, akatie mboga moja kwa moja juu ya chuma chenye mafuta, azikaange dakika mbili mpaka nyanya zilegee, kisha akunje pamoja na vipande vya parachichi na chumvi. Parachichi ndilo linalochukua kazi ya yai, kwa sababu bila kitu cha kushikamanisha, kabichi humwagika kote. Si kila kibanda kina parachichi. Nunua lako sokoni umpe alikate.

Maharage ya kikomando mara nyingi hutoka kwa mama wa jirani. Yakiwa yamekaa tangu mchana yakaanza kutoa povu bila kuchemka au harufu ya uchachu, yaache. Omba mchuzi mwingi, maana chapati huunyonya wote ndani ya dakika chache, na kilichobaki ni kama kutafuna sponji.

Vingine vya barabarani: gonja (ndizi tamu kubwa) na muhogo wa kuchoma ni salama bila maswali. Kabalagala ya ndizi ndogo na unga wa muhogo kwa kawaida inafaa. Chipsi hukaangwa kwenye mafuta yaliyotoka kukaanga kuku. Sumbusa uliza kilichomo. Mandazi ni bahati nasibu ya maziwa na mayai.

Jiko la kaskazini, na kwa nini la Ankole ni gumu

Chakula cha Waacholi na Walango kimejengwa juu ya ufuta na karanga. Odii ni uji mzito wa karanga na ufuta uliosagwa, nao ndio huunganisha karibu kila mchuzi. Malakwang ni majani yenye uchachu yaliyopikwa na odii, na huliwa kwa viazi vitamu. Uchachu, mafuta ya ufuta na utamu wa kiazi vikikutana mdomoni, hutatamani nyama. Boo ni majani ya kunde. Dek ngor ni mchuzi wa kunde au mbaazi zilizoparazwa, wenye protini ya kutosha. Pembeni kuna kwon kal, ugali wa wimbi.

Swali ni lile lile la mafuta. Moo yaa ni mafuta ya mti wa shea, mmea mtupu, yenye harufu nzito kidogo ya moshi. Moo dyang ni samli, kwani dyang ni ng'ombe. Mpishi anayejali jiko lake atafurahi ukimtajia moo yaa kwa jina. Boo nyingine hulainishwa kwa maziwa, kwa hiyo uliza hata kama malakwang ya jikoni hapo ni safi. Mikahawa ya namna hii hupatikana zaidi mashariki mwa mji, pande za Kireka na Banda, wanakoishi watu wengi wa kaskazini. Kasoro yake ni mbili: menyu ni fupi, na sahani moja ikiisha imeisha hadi kesho. Piga simu asubuhi uulize walichopika.

Mikahawa ya Wagisu, watu wa mashariki mwa Uganda, nayo ikukae akilini, kwa ajili ya malewa: machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi, yakaloweshwa, yakapikwa kwenye karanga. Yana utafunaji wa nyama na ladha ya moshi bila mnyama yeyote kuhusika.

Ankole, kusini-magharibi mwa Uganda, ni nchi ya ng'ombe, na jiko lake linasema hivyo. Eshabwe ni samli tangu mwanzo hadi mwisho. Firinda, maharage yaliyomenywa maganda, mara nyingi humaliziwa kwa samli, ingawa kwa macho ni maharage tu. Kalo, ugali wa wimbi na muhogo, ni salama, lakini mtu hali kalo kavu. Ukialikwa huko, ongea na mpishi kabla ya siku, au kula mapema nyumbani.

Waethiopia na Wahindi, meza kwa meza

Haya ndiyo majiko mawili yanayotajwa kila mtu akiulizwa chakula kisicho na nyama Kampala, na watu huyachanganya kana kwamba ni sawa. Tofauti ni kubwa.

Kanisa la Orthodoksi la Ethiopia hufunga karibu kila Jumatano na Ijumaa, na siku 55 kabla ya Pasaka, mbali na mifungo mingine. Kufunga kwao ni kuacha nyama, maziwa, siagi na mayai. Kwa hiyo mpishi wa Kiethiopia ana mlango wa pili jikoni mwake ambao umekuwepo kwa karne nyingi: sufuria za mfungo, zinazopikiwa mafuta ya mimea. Huhitaji kumweleza vegani ni nini. Sema *yetsom beyaynetu* na sinia itakuja: injera (mkate mwembamba wenye uchachu) chini, juu yake vilima vya misir wot ya dengu nyekundu, kik alicha ya njano isiyo na pilipili, gomen ya sukuma, kabichi na karoti, na shiro ya unga wa dengu. Mikahawa mingi iko mitaa ya Kabalagala na Muyenga. Sinia moja hutosha watu wawili wenye njaa ya kawaida, na injera ya kuongeza huletwa ukiomba.

Neno *yetsom* usiliache. Siku zisizo za mfungo, shiro ile ile hupikiwa niter kibbeh, samli yenye viungo, na rangi haibadiliki hata kidogo. Bozena shiro ina nyama. Gomen besiga ina nyama. Ayib, ile jibini nyeupe inayowekwa pembeni kupoza pilipili, inafanana na wali uliopondwa, kataa mapema. Na kwa kuwa wengine huruhusu samaki wakati wa mfungo, uliza kama kuna *asa*. Jumatano na Ijumaa ndizo siku bora za kwenda, kwani sufuria za mfungo ni za siku hiyo hiyo.

Kwa Wahindi hesabu ni nyingine. Kibao cha "mboga tupu" mlangoni kina maana ya hakuna nyama, samaki wala mayai. Maziwa hayamo kwenye katazo hilo, na jiko la Kigujarati linayapenda: samli, mtindi, malai, jibini ya paneer. Unachofanya ni kujadili sahani moja moja, na ufunguo ni kujua maziwa yameingia hatua gani.

Kwenye dal tadka, dengu huchemshwa kwa maji na manjano, kisha mwisho kabisa samli ya moto yenye bizari nyembamba humwagwa juu. Hatua hiyo hufanyika ukishaagiza, hivyo mpishi anaweza kubadilisha samli kwa mafuta bila taabu. Dal makhani imechemka kwa saa nyingi na siagi na malai ndani yake, haiokoki. Chana masala, aloo gobi, bamia na biringanya huokoka. Korma haiokoki. Kofta za mboga mara nyingi zimeunganishwa kwa paneer, na kutoa mchuzi hakusaidii.

Mikate ndiyo inayowaangusha wengi. Naan ina mtindi au maziwa ndani ya donge. Roti ya tanuri ni unga wa ngano nzima, maji na chumvi, na siagi hupakwa ikitoka motoni. Sema "bila siagi" na uangalie kama inang'aa inapofika. Ikimeremeta, irudishe kwa upole. Dosa ni mchele na choroko nyeusi zilizochachushwa, chakula kizuri sana, ila mwulize mpishi anapaka nini kwenye chuma. Chatini nyeupe ya nazi wakati mwingine ina mtindi.

Kwa uhakika Waethiopia wanashinda kwa mbali. Kwa wingi wa chaguo na kwa kundi ambalo wengine wanataka kuku, Wahindi wanashinda. Kote kuwili andaa kuanzia kama shilingi 20,000 kwa mtu, ambapo kibandani ungekula siku tatu au nne. Tofauti yake ni kwamba sinia ya Kiethiopia hugawanywa na sahani za Kihindi hujumlishwa, hivyo bili ya pili hukua haraka.

Penye tumaini dogo

Kisenyi kwa Wasomali wali umepikwa kwa supu na canjeero, chapati yao laini, hupakwa samli. Tambi tupu na ndizi ndicho kitakachobaki. Kwa Wachina tofu ipo, lakini mchuzi wa chaza na supu ya kuku viko kwenye karibu kila kikaango. Omba sosi ya soya na kitunguu saumu peke yake. Bafe za hoteli zina mboga za kuvutia zilizokaangwa kwa siagi, na mpishi hayupo wa kuulizwa. Mikahawa ya kisasa yenye kahawa nzuri hutoa saladi na bakuli za nafaka. Tatizo lake ni sosi, ambayo mara nyingi ina mayai, mtindi au asali, basi iombe pembeni. Maziwa ya soya waulize kabla ya kuagiza kahawa.

Chai ikitajwa bila maelezo, italetwa ya maziwa. Omba *kyayi omukalu*, chai kavu. Munanansi ya maganda ya nanasi na tangawizi ni salama, na bushera, kinywaji cha nafaka, kwa kawaida pia. Anayekula hivi miezi na miaka ameze pia vidonge vya vitamini B12, kwa sababu hakuna sahani yoyote kati ya hizi inayoitoa ya kutosha.

Namna ya kuuliza

Neno vegani kibandani halina maana, na ukisema tu *sirya nnyama* utaletewa samaki au kuku, kwa sababu kwa wengi hao si nyama. Taja kimoja kimoja, ukianza na heshima:

*Nnyabo, sirya nnyama, sirya byennyanja, sirya magi, sinywa mata.* Mama, sili nyama, sili samaki, sili mayai, sinywi maziwa.

*Mufumbisa butto oba muzigo?* Mnapikia mafuta ya mimea au samli?

*Mu binyeebwa mulimu mukene?* Kwenye karanga kuna mukene?

*Toteekako ssupu.* Usitie supu.

Kwa mwanamume badilisha *nnyabo* iwe *ssebo*. Uliza kwa sauti ya kawaida, bila kukunja uso, na umwulize anayepika. Mhudumu akikujibu "hamna" kabla hujamaliza sentensi, mwombe akaangalie sufuria. Akirudi na kijiko chenye mchuzi ili unuse mwenyewe, hapo umepata kibanda cha kurudia.